Ubao wa Mwalimu: Kumwonyesha Mtu Mpaka Aone

Mwaka huu Mhariri kanipa kurasa zangu kama kawaida, na kaniomba niandike habari ambayo wazee wawili watatu wameniuliza, na ambayo vijana wengi hawajaniuliza ingawa ndio wanaoihitaji. Ni habari ya kueleza jambo la biashara kwa michoro, kwa picha na kwa video.

Zamani kijana akitaka mtaji kwa ami yake au mjomba wake alikuja baada ya sala ya Ijumaa, akala, akanywa chai, akanyamaza kidogo, kisha akasema haja yake. Siku hizi huja na kompyuta. Huifungua mezani baina ya sahani za sambusa, au huichomeka kwenye televisheni, na kurasa zikaanza kupita: duara za rangi zilizokatwa vipande kama keki, mishale inayokwenda huku na huku, na maneno madogo kama ya karatasi inayotiwa ndani ya paketi ya dawa. Wazee hutikisa vichwa. Kijana akimaliza husema "Mashaallah", naye akaenda zake akiamini kwamba amefahamika. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo mara nyingi, na nikimwuliza mzee aliye karibu yangu kijana anataka kiasi gani na atakirejesha lini, mara nyingi hajui. Na juu ya hayo mkono unaingia mfukoni, kwa kuwa ni mtoto wetu. Fedha zile zikipotea hazipotei peke yake. Ndugu wawili huacha kusalimiana, na mwaka unaofuata wakakaa pembe mbili mbali mbali za ukumbi wa harusi. Mifano mnayo nyinyi wenyewe majumbani mwenu, sina haja ya kuitaja.

Kwa hivyo maneno haya nayasema kwa wote wawili, mwenye kuonyesha na mwenye kuonyeshwa. Mchoro ni ushahidi. Kazi yake ni kumfanya mtu alione kwa jicho lake lile ambalo wewe umeliona, ili akikubali akubali kwa kujua, na akikataa akatae kwa kujua. Ukiwa ni pambo tu, ufunge, useme kwa mdomo.

Mfano nitakaoutoa hautoki dukani, lakini kwa hakika ulikuwa ni mkutano wa biashara kama mikutano mingine, baina ya kampuni inayouza na mteja anayenunua. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, huko Utah katika Marekani, waliingia katika mkutano wa simu na wakubwa wa shirika la NASA waliokuwa Alabama na Florida. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza roketi za kusukumia chombo cha angani kilichoitwa Challenger, na chombo kilikuwa kiruke siku ya pili yake asubuhi. Roketi zile zilikuwa za vipande vilivyoungwa pamoja, na maungio yake yakazibwa kwa pete za mpira. Usiku ule Florida kulikuwa na baridi ya kugandisha maji, jambo ambalo si la kawaida huko. Wahandisi, na miongoni mwao Roger Boisjoly na Arnie Thompson, walikhofu kwamba mpira ukipoa utakuwa mgumu, hautaziba kwa upesi unaotakiwa, na moto utapenya. Wakatuma kwa faksi karatasi 13 walizozitengeneza mbio mbio, wakashauri chombo kisirushwe ikiwa joto liko chini ya nyuzi 53 za Farenhaiti, yaani kiasi cha nyuzi 12 za Sentigredi.

Khofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini karatasi moja ilieleza pete zilizoharibika, nyengine ikaeleza joto, nyengine majaribio ya maabara, na hapakuwa na hata moja iliyoweka joto na madhara pamoja kwa safari zote zilizotangulia. Upande wa pili ukauliza: mbona madhara yalitokea hata katika safari moja iliyorushwa siku ya joto? Na ni kweli yalitokea. Hapo hoja ikalegea. Mkubwa mmoja wa uhandisi katika kampuni akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja, kampuni ikageuza rai yake, na asubuhi ya tarehe 28 chombo kikaruka, joto likiwa nyuzi 36, yaani kiasi cha 2 za Sentigredi. Baada ya sekunde 73 kikavunjika angani. Watu wote 7 waliokuwemo wakafa, na mmoja wao alikuwa mwalimu mwenzangu, Christa McAuliffe, aliyefundisha skuli ya sekondari huko New Hampshire, na ambaye alikuwa asomeshe kutoka huko juu, watoto wakimwangalia kwa televisheni.

Tume iliyochunguza maafa hayo ilitoa ripoti yake mwaka ule ule, nayo ikafanya lile ambalo halikufanywa usiku ule. Ilizichukua safari zote 24 zilizotangulia, zilizopata madhara na zisizopata, ikaziweka katika mchoro mmoja wa nukta, joto likipimwa kwa chini na madhara kwa ubavuni. Safari 20 zilirushwa joto likiwa nyuzi 66 au zaidi, na katika hizo ni 3 tu zilizokuwa na madhara. Safari 4 zilirushwa kukiwa na nyuzi 63 au chini ya hapo, na zote 4 zilikuwa na madhara. Mpe mchoro ule mtoto wa darasa la sita, atakwambia maana yake kabla hujakaa kitako. Na tazameni siri ilikuwa wapi: ilikuwa katika zile safari salama, ambazo hakuna aliyeziweka mezani kwa kuwa hazikuwa na la kusimulia. Bila ya hizo, yale madhara ya siku za baridi na ya siku ya joto yalionekana kama mambo ya bahati tu.

Profesa Edward Tufte wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1997 kwamba namna takwimu zile zilivyopangwa ilichangia maafa. Boisjoly na wenzake wakamjibu mwaka 2002 kwamba amewaonea, na kwamba hesabu alizotaka zichorwe hawakuwa nazo zote mkononi. Mimi naona lawama ya kwanza ni ya wale waliokuwa na amri, kwani walikwishaambiwa kwa maneno wazi kabisa. Hata hivyo, mwenye kuijua hatari anapaswa kuiweka pahala ambapo hata asiyetaka kuiona itamlazimu aione, na kwa hilo Tufte ana haki.

Basi na tuje kwenye biashara zetu. Kijana anayetaka kufungua mkahawa wa pili huja na nguzo sita zinazopanda, miezi sita mizuri. Mwulize miezi mingine iko wapi. Ikiwa duka la kwanza lina miaka miwili, tunataka miezi yote 24 katika mstari mmoja, pamoja na Ramadhani ambayo mchana hakuna anayeingia, na Januari ambayo watu hawana kitu. Kijana mwenye akili atauleta mchoro huo mwenyewe, na pale mstari uliposhuka ataandika sababu kwa maneno matatu manne, pale pale, si katika ukurasa mwengine. Mimi mstari wenye mashimo yaliyoelezwa unanipa imani zaidi kuliko mstari ulionyooka kama fimbo. Biashara isiyo na mwezi mbaya sijaiona.

Kosa la aina ya pili ni la kuzika habari. NASA hao hao, miaka 17 baadaye, lilitokea tena. Tarehe 16 Januari 2003 kilipokuwa kikiruka chombo cha Columbia, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi kikapiga bawa la kushoto. Chombo kingali juu, wakubwa walionyeshwa kurasa za PowerPoint. Ukurasa mmoja kichwa chake cha habari kilikuwa cha kutuliza nyoyo. Chini yake yalifuata maneno kwa ngazi ngazi, vitone vikubwa na vitone vidogo, na karibu na mwisho kabisa ndipo penye habari iliyokuwa na uzito kuliko zote: kipande kilichopiga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi 1,920, na vile vilivyotumiwa katika majaribio vilikuwa vya inchi 3. Yaani mara 640. Tarehe 1 Februari Columbia ilipokuwa ikirudi ilivunjika, na wakafa tena watu 7. Tume ya uchunguzi iliuweka ukurasa ule katika ripoti yake, ikailaumu desturi ya kutumia slaidi badala ya ripoti zilizoandikwa kamili.

PowerPoint ilianza mwaka 1987, kazi ya kampuni ndogo iliyoitwa Forethought, na mwaka ule ule Microsoft ikainunua kwa dola milioni 14. Si chombo kibaya. Ubaya ni kwamba humruhusu mtu kukata fikra zake vipande vipande bila ya kuziunga. Jeff Bezos wa Amazon mwaka 2004 aliziondoa slaidi katika mikutano ya wakubwa wake, akataka kila jambo liandikwe kwa sentensi kamili, na baadaye ikawa ni desturi yao kukaa kimya wakasoma kwanza karatasi zisizozidi sita, kisha ndio wazungumze. Sisi hatuhitaji karatasi sita. Lakini napenda kila kijana anayekuja kuomba mtaji aache nyuma yake karatasi moja, iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, yenye kiasi anachokitaka, atakifanyia nini, atakirejesha lini, na ikiwa mambo yataharibika itakuwaje. Na kichwa cha kila ukurasa wa slaidi kiwe ni sentensi yenye habari. "Mauzo" si habari. "Mauzo yameongezeka ila kodi ya duka imekula faida" ni habari, na msikilizaji aliyesinzia akiamka ataijua hata akikosa mengine yote.

Nije sasa kwa wanaoonyeshwa, maana wao ndio wenye fedha. Miaka michache iliyopita alikaribishwa katika shughuli yetu bwana mmoja, simtaji yeye wala kampuni yake, aliyekuwa akiuza hisa za nyumba za kukodisha. Alivaa vizuri na alijua kusema. Katika skrini alionyesha nguzo mbili za rangi ya kijani, ya mwaka uliopita na ya mwaka ule, na ya pili ilikuwa ndefu mara tano kuliko ya kwanza. Watu wakavuta pumzi. Bi mkubwa mmoja aliyekaa safu ya mbele, ambaye maisha yake yote ameuza vitambaa, akasema, "Mwanangu, mbona nguzo zako hazina miguu?" Bwana yule akacheka, akapita ukurasa mwengine.

Lakini bi mkubwa alikuwa ameona. Nguzo ya kwanza ilikuwa ni 96 na ya pili ni 100, na hesabu ya ubavuni haikuanzia sifuri, ilianzia 95. Ukitoa 95 katika 96 inabaki 1. Ukitoa katika 100 inabaki 5. Kodi iliyoongezeka kwa kiasi cha 4 katika mia ikaonekana kana kwamba imezidi mara tano. Hapana tarakimu moja ya uwongo katika mchoro ule, na ndiyo maana hakuna wa kumshitaki. Watu wa nyumba tatu walikuwa wamekwishatia sahihi kabla ya swali, na nijuavyo mimi wapo wanaodai fedha zao mpaka leo. Ikiwa mchoro ni wa nguzo, lazima nguzo zisimame juu ya sifuri, kwa sababu jicho hupima urefu wake wote. Mchoro wa mstari, kama wa joto la mgonjwa, unaweza kuanzia pengine, kwa kuwa pale jicho linafuata kupanda na kushuka. Mkionyeshwa nguzo, kwanza tazameni miguuni.

Pana na suala la nini cha kuacha. Nyinyi mnaoishi London mnapita kila siku mbele ya jibu lake. Mwaka 1931 Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme katika reli za chini ya ardhi, aliichora ramani ya njia zile kwa mistari iliyonyooka tu, ya mlalo, ya wima na ya mshazari. Ramani za kabla yake zilifuata ardhi ilivyo, vituo vya katikati vikabanana na vya mbali vikatawanyika. Yeye aliona kwamba abiria aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua umbali wala barabara za juu. Anataka kujua apande wapi, abadilishe wapi, ashuke wapi. Akaziacha barabara zote, akabakisha mto Thames. Wakubwa waliikataa kwanza, kisha mwaka 1933 ikachapishwa kwa majaribio, na watu wakaigombania. Kijana akichora njia ya mzigo wake kutoka kiwandani Guangzhou mpaka dukani kwake, akumbuke mistari ile: mahali unapobadilishana mikono, na mahali unapotozwa ushuru. Picha ya meli na bendera ya China haina kazi.

Mama zetu lakini hawakuhitaji Beck. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, moja tu, fupi, pahala pake panapojulikana, na nafasi tupu ya kutosha kulizunguka ili lisomeke hata mwenye kuivaa akiwa anatembea. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa Abdulla, alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na maneno "Mali ya Abdulla" bado watu wanayatafuta dukani. Hakuna kanga yenye majina saba. Slaidi zenye majina saba nimeziona.

Katika rangi nako mwalimu wetu ni Msahafu. Wengi mnao nyumbani ule uliopigwa chapa kwa rangi za tajwidi. Kila rangi ina hukumu yake, mahali pa kuvuta, mahali pa ghunna, na maelezo yako chini ya ukurasa. Rangi ile ile haibadiliki maana kutoka juzuu moja hadi nyengine. Sisi katika michoro yetu tunatia nyekundu hapa kwa hasara, na ukurasa wa pili nyekundu ni ya tawi la Leicester, na wa tatu ni kwa sababu imependeza. Tena mjue kwamba katika wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini kiasi cha mmoja katika 12 hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, ingawa kwa wanawake ni kiasi cha mmoja tu katika 200. Ukimpelekea meneja wa benki mchoro ambao faida ni kijani na hasara ni nyekundu, huenda mbele yake zote ni rangi moja ya matope. Andika neno lenyewe juu ya mstari.

Imebaki video, na hapa nina mashitaka dhidi ya mpwa wangu, ambaye ananiruhusu kumsema. Anauza mikate ya ufuta, mizuri wallahi, na alitengeneza video ya dakika tatu. Mawingu yanapita, muziki unalia, yeye anatembea ufukweni Southend, kisha maneno "Ladha ya Nyumbani" yanazunguka. Mkate wenyewe unaonekana dakika ya pili. Bei haimo. Mji haumo. Nilimwambia aanze na mikono yake: unga unavyomwagwa kaangoni, kaango linavyofunikizwa motoni, ufuta unavyobadilika rangi. Watu wengi huangalia video za simu bila ya sauti, wakiwa ndani ya basi, kwa hivyo la lazima liandikwe pia kwa maneno chini ya picha, meupe juu ya cheusi. Asisimame dirisha likiwa nyuma yake, kwani uso huwa kama kivuli; dirisha liwe mbele. Na asinunue kamera kabla ya kununua kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, maana mtu huvumilia picha yenye ukungu lakini havumilii sauti ya friji inayovuma juu ya maneno.

Video mpya ina sekunde 40. Mkate ndio wa kwanza kuonekana, kisha bei, kisha mtaa na siku za kupeleka mizigo. Tulibishana juu ya nambari ya simu tu. Yeye aliiweka sekunde mbili mwishoni, nami nikataka ikae muda wa mtu wa umri wangu kutafuta miwani, akaipata, akatafuta na kalamu. Tumeafikiana sekunde nane.

Wassalaam.